Vitabu Tulivyovianika Mwaloni

Vijana wangu mnaosomea ukutubi, mwalimu wenu alinipigia simu akanitaka nije niwafundishe namna ya kuokoa vitabu wakati wa vita. Nikamwambia magoti yangu hayapandi tena ngazi za chuo chenu, nitaandika. Basi nimekaa hapa Kirumba, barazani kwangu, chai ipo, miwani ipo, na sina haraka. Nikirukaruka mnivumilie. Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, na mambo yananijia yanavyotaka yenyewe.

Nianze na majani ya migomba. Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Kwetu jani la mgomba ni sahani, ni mfuniko, ni mwavuli, na ni kifungashio cha nyama, cha senene na cha zawadi ya mkwe. Kwa hiyo mwaka ule vita vilipovuka mpaka, tukasikia kwamba ng'ambo ya mto Kagera shule zinachomwa pamoja na madawati yake, tukaambiwa tufungashe maktaba yetu ndogo tuipeleke Mwanza kwa meli, mimi nilifikiria nini? Jani, bila shaka.

Bosi wangu alikuwa Ta Kaijage. Huyo "Ta" ni heshima ya kwetu kwa mwanamume mtu mzima. Alikuwa mtu wa maneno machache, na suruali yake ilipigwa pasi hata siku ambazo nusu ya mji umeshakimbia. Alikuwa amepata magunia matupu ya kahawa. Nikamwambia magunia peke yake hayafai, vumbi litaingia na mvua itapenya, tutandike majani ndani.

"Makavu?" akauliza.

"Mabichi, Ta. Makavu yanapasuka."

Akaniangalia, akaangalia magunia, akasema, "Haya, wewe ndiye uliyetoka kozini."

Na kweli nilikuwa nimetoka kozini, tena na cheti, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nilikata majani mazuri, mapana, yanayong'aa. Nikavifunga vile vitabu kwa ustadi mpaka wapagazi wa bandarini wakanisifu. Ta Kaijage akakimbilia kwao Muleba na familia yake, mimi nikapanda meli na magunia yangu, katikati ya watu, kuku, magodoro na mbuzi mmoja aliyekuwa anakohoa. Safari ilichelewa sana. Tulipofika Mwanza nikafungua gunia la kwanza, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya ndizi. Vitabu vilikuwa vimeiva! Majalada yamelegea, gundi imeachia, na ukungu mweupe umeshaanza kwenye pembe. Sikuwa nimevikinga na maji, nilikuwa nimevipika kwa maji yaliyomo ndani ya jani. Nilikaa chini nikalia, sitaki kuwadanganya.

Banda tulilopewa lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa samaki, huku huku Kirumba, karibu na Mwaloni. Siku hizo Mwaloni haikuwa hili soko mnaloliona. Kulikuwa na mitumbwi, nyavu, na wanawake wanaoanika dagaa. Mmoja wao akanisikia nikilia akaja. Huyo ndiye Mama Bwire, Mjita kutoka upande wa Musoma, mjane, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa.

"We binti, umefiwa?"

"Hapana mama. Shikamoo. Ni vitabu vyangu."

"Marahaba. Vitabu?" Akachungulia ndani ya banda. "Jamani, njooni muone! Wenzao wanakimbia vita na masufuria, Wahaya wanakimbia na vitabu!"

Wakacheka wote mpaka wakashikana mabega. Mimi kwa hasira nikabeba vitabu mikono yote miwili nikaanza kuvipanga nje juani, juu ya mabati. Mama Bwire akaacha kucheka papo hapo.

"Weee! Toa hapo! Unataka vijikunje?"

"Mama, na wewe unaanika juani."

"Mimi naanika dagaa. Dagaa akijikunja anauzika. Hicho kikijikunja utamsomea nani?" Akaingia kwake, akatoka na Biblia imefungwa kwenye kanga. "Hii ilizama hapo na mume wangu mtumbwi wake ulipopinduka. Yeye alipatikana siku mbili baadaye, Biblia siku hiyo hiyo. Iangalie. Kuna ukurasa ulioshikana?"

Hakukuwa na hata mmoja. Kozi yangu yote haikunifundisha alichonifundisha yule mama kwa mchana mmoja, kwa hiyo chukueni kalamu. Kitabu chenye unyevu kinataka kivuli na upepo, hakitaki jua. Tulifunga nyavu kuukuu kati ya nguzo za banda, zikavutwa vizuri, tukavilaza vitabu juu yake vikiwa vimefunguliwa kidogo, upepo wa ziwa ukapita juu na chini. Msivute kurasa zilizoshikana, subirini. Ila zile karatasi nzito zinazong'aa za picha ziachanisheni mapema zingali na maji, zikikaukia pamoja ndiyo basi tena. Wekeni gazeti kavu kati ya kurasa, libadilisheni kila mara. Geuzeni. Kikikaribia kukauka ndipo unakiweka chini ya ubao wenye mawe, kinanyooka. Mama Bwire na wenzake walikuwa wakipita kugeuza dagaa wao wanapitia na kugeuza vitabu vyangu. Mmoja alikataa kabisa kugeuza kitabu cha ukunga mpaka nimsomee sura nzima, nikamsomea.

Vilikauka. Lakini harufu! Hata baada ya vita, vitabu viliposharudi Bukoba, msomaji akifungua kitabu cha jiografia alikuwa anameza mate. Tulikuwa na paka anayelala kwenye rafu ya kilimo wala hatoki. Mwenzenu mmoja juzi alikuja hapa kunionyesha jinsi anavyopiga picha kurasa kwa simu, "Bibi, hivi havilowi wala havinuki." Nikampongeza kwa dhati. Nikamuuliza picha ziko wapi pengine zaidi ya humo kwenye simu. Akajibu, "Humu humu tu." Wiki ile ile simu ikaibiwa stendi. Mnaona? Wekeni sehemu mbili, watoto wangu, tatu ikiwezekana.

Na kuhusu usalama wa Mwanza, niwachekeshe kidogo. Tulikimbiza vitabu kuja hapa ili viepuke mabomu, na ndege ya adui ikaja ikaangusha mabomu huku huku Mwanza. Yakaua swala tu, kwenye hifadhi ya wanyama. Mama Bwire akanigeukia akasema, "Asteria, hebu nikuulize, wewe na vitabu vyako mlifuatwa?"

Sasa kosa la pili. Hili silisimulii kwa kucheka.

Kule Bukoba alikuwepo mzee mmoja, Mwalimu Rwegasira, mstaafu, wa kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto. Miaka yote ya kustaafu kwake alikuwa anazunguka kijijini kwao na vijiji vya jirani, nyumba kwa nyumba, anaandika kwenye madaftari ya shule. Kila nyumba anaandika wanaokaa humo, ukoo wao, ndizi gani wamepanda, maji wanachota wapi, wazee wao wamezikwa upande gani wa shamba. Kisha anamwomba mama mwenye nyumba aseme neno moja lolote, naye analiandika kama lilivyosemwa. Daftari likijaa analileta kwetu, Ta Kaijage anampa mkono, mimi naliweka kwenye kabati la nyuma nalifunga kwa ufunguo. Madaftari hayo hayakuingizwa kwenye rejista. Kwa utaratibu wetu kilichoingizwa kwenye rejista na kupewa namba ni kitabu kilichochapwa. Daftari la mkono halina mchapishaji, halina bei, halina mahali pa kuandikwa.

Siku ya kufungasha nilishika rejista, nikasoma namba, nikatia tiki. Namba, tiki. Nilijivuna sana. Kitabu hata kimoja hakikubaki. Pale bandarini, mbele ya ngazi ya meli, katikati ya msongamano, nikamwona Mwalimu Rwegasira. Nilimfahamu kwa kofia. Alikuwa na fimbo na kifurushi tu. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa. Mkewe, Ma Kokwijuka, alikuwa mgonjwa wakati wanakimbia, akafia njiani siku ya tatu ya kutembea, wakamzika kwenye kona ya shamba la watu wasiowajua. Aliniambia hayo kwa sentensi mbili tu, halafu akauliza:

"Na madaftari yangu, binti yangu?"

"Yamo, Mwalimu. Vyote vimo."

Sikuwa namdanganya. Nilikuwa na tiki zote mkononi. Akashusha pumzi, akanishika bega, akasema, "Basi bado tuna kijiji."

Yeye alipata hifadhi kwa mpwa wake aliyeoa upande wa Sengerema, pale Kamanga, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza. Mwezi ulipopita akavuka kuja kunitafuta. Alinikuta na Mama Bwire tunanyoosha vitabu vya mwisho. Akaamkiwa, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua kofia, akasubiri aletewe. Nikaenda kutafuta. Nilipapasa magunia yote, nikarudia, nikarudia tena, na ndipo mkono wangu ukagusa shingoni kwangu, kwenye uzi wa rozari. Ufunguo wa lile kabati ulikuwa unaning'inia hapo. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe miezi iliyopita na sijalifungua tena.

Nilisimama nyuma ya magunia nisijue nitokeje. Mama Bwire akanifuata. Nikamwambia kwa kunong'ona. Hakunipa pole.

"Mwambie," akasema. "Mwambie sasa hivi, kabla hujaanza kutunga."

Maana nilikuwa nimeshaanza kutunga. Nilikuwa nataka kusema yako kwenye gunia lingine, litakuja na meli ijayo, aje wiki ijayo. Nikatoka, nikapiga magoti mbele yake pale kwenye magamba ya samaki, nikasema, "Mwalimu, niliyaacha. Nilichukua vyenye namba. Yamebaki kabatini Bukoba, na jengo limefungwa, tumesikia wanajeshi wetu wameweka vitu vyao humo. Sijui kama yapo au hayapo."

 Akailaza fimbo yake chini. Afadhali angenitukana. Badala yake akasema:

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Na karatasi?"

Karatasi sikuwa nayo, lakini nilikuwa na boksi zima la kadi za katalogi, tupu, zile ndogo ngumu. Akasema zinatosha, kila nyumba kadi yake. Akafumba macho akaanza kutoka njia panda ya kijiji, upande wa kushoto, nyumba ya kwanza. Majina, watoto, ndizi, kisima, makaburi. Kisha neno la mama mwenye nyumba. "Andika: 'Paa letu linavuja, ila mume wangu anasema ni mvua ya siku hizi ndiyo kali.'" Mama Bwire akaangua kicheko, na yule mzee akafungua macho kuona nani amecheka, nikaona uso wake umelegea kidogo.

Tangu hapo alikuwa akivuka kutoka Kamanga kila Jumanne, mradi ziwa limetulia. Anakuja na fimbo yake, anakaa kwenye ndoo yake, anatembea kijijini kwao kwa macho yaliyofumbwa, na mimi naandika. Wanawake wa dagaa walikuwa wanajua nyumba zote. Wanauliza, "Yule wa paa leo hayupo?" Niwaambie ukweli, zilikuwa siku nzuri. Kulikuwa na vita, nilikuwa mbali na kwetu, nanuka samaki mpaka kwenye nywele, na bado nilikuwa nasubiri Jumanne kwa hamu.

Jumanne moja tulifika nyumba ya ishirini. Nikaandika, nikachukua kadi nyingine, nikasubiri.

"Ya ishirini na mbili," akasema.

"Mwalimu, umeruka moja."

"Sijaruka. Andika ya ishirini na mbili."

Nikainua macho nikamtazama, ndipo nikaelewa ya ishirini na moja ni ya nani. Tangu bandarini hakuwa amemtaja mkewe kwa jina hata mara moja. Mpwa wake baadaye aliniambia hata nyumbani alikuwa hamtaji, na ukimtaja anatoka nje. Nikaiweka ile kadi tupu mahali pake, katikati ya ya ishirini na ya ishirini na mbili, nikaendelea kuandika. Lakini kuanzia siku ile sikulala vizuri, maana sasa nilijua nimeacha nini kwenye lile kabati. Nyumba za wengine aliweza kunipa upya. Ile ilikuwa ndani ya daftari tu.

Vita vikaisha upande wetu, watu wakaanza kurudi. Nilipopata nafasi kwenye meli sikungoja magunia, nilikwenda peke yangu na ufunguo. Ta Kaijage alikuwa ametangulia kutoka Muleba, suruali imepigwa pasi. Jengo lilikuwa salama ila chafu. Viti havikuwepo, vimepikiwa chai. Nikapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma.

"Mchwa, Asteria," Ta Kaijage akaniambia taratibu. "Usijiwekee matumaini makubwa. Kabati halijafunguliwa muda wote huo."

Kabati lilikuwepo. Wanajeshi walikuwa wamepanga masanduku mbele yake, labda ndiyo maana hawakulichoma. Kitasa kilishika kutu, nikazungusha ufunguo kwa mikono miwili. Mende walikuwa wametafuna pembe za majalada na gundi ya mgongoni, mende wanapenda sana gundi, lijueni hilo. Zaidi ya hapo madaftari yote yalikuwa makavu, yamepangana nilivyoyaacha. Vile vitabu nilivyoviokoa vilipikwa, vikakaushwa, vikapata na harufu; haya niliyoyasahau yalikuwa mazima kuliko vyote. Ta Kaijage alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilikaa sakafuni nikayapakata, na siku hiyo hiyo nikaifungua rejista nikayaingiza moja baada ya jingine, utaratibu au siyo utaratibu.

Daftari moja nililikopa. Nililisafirisha mapajani mpaka Mwanza, bila jani. Nikavuka nalo Kamanga.

Mwalimu Rwegasira alikuwa ameanza kupoteza macho. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya mpwa wake, upande wa ziwani, anachambua maharage kwa vidole. Nikamwamkia, nikaweka daftari mikononi mwake. Akalipapasa jalada, akazigusa zile pembe zilizoliwa na mende, akalinusa.

"Ni lenyewe," akasema.  Kisha akanirudishia. "Tafuta ya ishirini na moja. Nisomee."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Binti yangu, soma."

Nikafungua. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, kama nyumba nyingine zote, hakuipendelea hata mstari mmoja. Nikasoma:

"Nyumba ya ishirini na moja. Rwegasira, mwalimu mstaafu. Mke, Kokwijuka. Ndizi za kupika na za pombe, mibuni michache. Maji wanachota kisima cha chini. Neno la mama mwenye nyumba: 'Andika kwamba shamba hili nalilima mimi peke yangu, kwa sababu mume wangu yuko kwa watu anaandika mashamba yao.'"

Alianza na sauti ndogo, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Alicheka akapiga goti, maharage yakamwagika, mpwa wake akatoka ndani mbio kuona kuna nini. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Alisema hivyo hivyo!" akasema. "Alikuwa ameshika jembe. Akaniambia, na usipunguze hata neno. Soma tena. Usikimbize."

Nikasoma tena, polepole. Akaniambia nirudie. Nilipoanza mara ya tatu alinyoosha mkono akanizuia, akafumba macho, akaisema mwenyewe kuanzia mwanzo, na jina la mkewe akalitaja kwa sauti.